Reserva tatu za Haro: Tondonia, Ardanza au Muga?

Shemeji yangu alinitumia picha akiwa dukani, uwanja wa ndege wa Madrid, imebaki saa moja waitwe kupanda. Rafuni kuna chupa tatu za mvinyo mwekundu. Zote zimeandikwa Rioja, mkoa wa mvinyo wa Hispania, zote Reserva, yaani daraja la ukomavu, na mgongoni kila moja ina stempu ndogo ya rangi ya damu ya mzee. Chini ya picha akaandika: "Shemeji, nichukue ipi? Si zote ni kitu kimoja?"

Nilimjibu kwa sentensi mbili, na zikanikera mwenyewe kwa ufupi wake. Hili ndilo jibu refu, kwa yeyote atakayesimama mbele ya rafu kama ile akiwa na pesa ya chupa moja: Viña Tondonia ya López de Heredia, Viña Ardanza ya La Rioja Alta, au Muga.

Utamu wa kuwalinganisha hawa ni kwamba ni majirani. Wote wako Haro, mji mdogo wa kaskazini mwa Hispania kando ya mto Ebro, tena mtaa mmoja, Barrio de la Estación, yaani mtaa wa stesheni. Ukitoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine hujamaliza sigara. Zabibu yao kuu ni ile ile, Tempranillo. Halafu umimine glasi tatu uzipange juu ya kitambaa cheupe, na hata asiyekunywa ataona: ya Tondonia imepauka, ukingo wake una rangi ya tofali, ya Ardanza ni nyekundu ya komamanga, ya Muga ni nzito, inavuta kwenye zambarau.

Majirani wa stesheni

Mtaa huu ulineemeka kwa msiba wa wengine. Kuanzia miaka ya 1860 mdudu aitwaye filoksera alitafuna mizizi ya mizabibu ya Ufaransa, na wafanyabiashara wa Bordeaux wakashuka kusini kutafuta mvinyo wa kuuza. Haro ilikuwa na reli. Maghala yakajengwa pale pale treni inaposimama, pipa litoke mlangoni lipande behewa. Pamoja na wageni hao ikaenea desturi ya Bordeaux ya kulaza mvinyo kwenye pipa dogo la mwaloni la lita 225, ambalo ukilipiga hesabu ni chupa 300. Mji ukatajirika, na mwaka 1890 ukawasha taa za umeme barabarani wakati miji mingi mikubwa ya Hispania ilikuwa bado gizani. Hadi leo Wahispania wana msemo: tumeshafika Haro, taa zinaonekana.

Rafael López de Heredia, mzaliwa wa Chile, alianzisha nyumba yake hapo mwaka 1877. La Rioja Alta ilifuata mwaka 1890, familia tano zikichanga mtaji. Muga ni mtoto wa mtaa: Isaac Muga na mkewe Aurora Caño walianza mwaka 1932 kwingineko mjini, nyumba ikahamia karibu na stesheni miaka ya 1970 inapoanza.

Kama unachotafuta ni nyumba ya familia kwa maana kamili, ukoo mmoja ukirithishana funguo, Tondonia na Muga ndizo zenyewe. La Rioja Alta ni kampuni ya hisa tangu kuzaliwa kwake, ingawa familia za mwanzo hazikuondoka. Kwa López de Heredia sasa ni kizazi cha nne, kina María José, Mercedes na Julio César, na jambo la kwanza utakalolisikia juu yao ni kwamba wanafanya kazi kama alivyofanya babu wa baba yao. Kwa kawaida maneno ya aina hiyo nayapokea kama matangazo ya sabuni. Kwao ni kweli, na ushahidi ni pipa.

Neno Reserva halisemi mengi

Sheria za Rioja zinataka Reserva nyekundu ikae angalau miaka 3 kabla ya kuuzwa: usipungue mwaka 1 kwenye pipa, usipungue miezi 6 kwenye chupa. Crianza ni miaka 2, pipa mwaka 1. Gran Reserva ni miaka 5, na kati ya hiyo pipa 2 na chupa 2. Stempu ya mgongoni hufuata mpangilio huo: nyekundu kwa Crianza, damu ya mzee kwa Reserva, buluu kwa Gran Reserva.

Sheria inakataza kupungua. Kuzidi haikatazi, na hapo ndipo majirani wetu wanapoachana. Muga Reserva hulala kwenye pipa miezi 24. Viña Ardanza, miezi 36 kwa Tempranillo na 30 kwa Garnacha, zabibu ya pili ndani yake. Viña Tondonia Reserva, miaka 6. Sita, chini ya stempu ile ile. Ukienda kwa Gran Reserva yao, pipa ni kama miaka 10, na huwa wanaitoa kwa miaka ya mavuno bora tu.

Kwa hiyo nikimwona mtu anageuza chupa, anasoma Reserva, anairudisha na kuchukua nyingine kwa sababu "hii nayo ni Reserva", namwonea huruma kidogo. Kasoma jina la daraja, hajauliza mwanafunzi kakaa darasani miaka mingapi.

Pipa jipya, mtungi mpya

Muda ni nusu ya habari. Nusu ya pili ni umri wa mbao, na hili kwa aliyelelewa na mtungi wa maji ukumbini halihitaji darasa. Mtungi mpya una ladha yake. Maji ya wiki ya kwanza yananukia udongo, na bibi akiufukiza ubani ndiyo kabisa. Ukishatumika miaka, hautii kitu tena, unapoza maji tu. Pipa la mwaloni ni vivyo hivyo. Likiwa jipya linatia vanila, moshi, karafuu. Likiwa zee linabaki na kazi moja: kuruhusu hewa kidogo, kidogo sana, ipenye kwenye vitundu vya mbao na kuukomaza mvinyo polepole. Rangi ya zambarau inageuka ya tofali. Ukakasi unalegea.

Ndiyo maana miaka 6 ya Tondonia haimaanishi ladha ya mbao mara tatu ya Muga. Mapipa ya López de Heredia mengi ni makongwe, yanakarabatiwa badala ya kutupwa, na unachokionja mle ni umri kuliko mti.

Halafu kuna mwaloni wa wapi. Wa Marekani una nyuzi zilizoziba vizuri, unaweza kukatwa kwa msumeno bila pipa kuvuja, na hutoa harufu tamu ya vanila na nazi. Wa Ufaransa lazima upasuliwe kwa kufuata nyuzi zake, la sivyo unavuja. Mbao nyingi zinapotea, bei inapanda, na harufu yake ni ya viungo zaidi, isiyo tamu sana. Tondonia na Ardanza ni Marekani mtupu. Muga wanachanganya wa Marekani na wa Ufaransa.

Nyumba zote tatu zina karakana zao za mapipa, jambo ambalo leo ni nadra. Kazi yenyewe ni ya jasho. Fundi anapanga mbao ndefu zilizosimama ndani ya pete ya chuma, chini zimetanuka kama sketi. Anawasha moto wa vipande vya mwaloni katikati, anazilowesha kwa nje, na joto linapoingia anakaza waya hadi sketi inafunga. Hakuna gundi, hakuna msumari unaoshika mbao kwa mbao. Moto ule ule ndio unaobabua ndani ya pipa, na jinsi ulivyobabua ndivyo mvinyo utakavyonukia.

Tondonia: kwa mwenye subira

Shamba la Tondonia liko kando ya mto, Ebro inapojikunja na kulizunguka. Ni zaidi ya hekta 100, lilipandwa mwaka 1913 na 1914, na jina la mvinyo ni jina la shamba. Ndani ya chupa robo tatu ni Tempranillo, kiasi cha 15% Garnacha, na zilizobaki ni Graciano na Mazuelo, ambazo hutia uchachu na rangi. Unachachuka kwenye matangi makubwa ya mwaloni kwa hamira iliyoko yenyewe ghalani, kisha unashuka mapipani. Mara mbili kwa mwaka unahamishwa pipa hadi pipa ili mashapo yabaki nyuma. Mwishoni unasafishwa kwa ute wa yai: ute unapigwa, unamiminwa, unakamata chembe za ukakasi na kuzama nazo. Hauchujwi. Kwa hiyo ukikuta tope kidogo chini ya chupa, usirudi dukani kugomba.

Ladha? Cheri iliyokauka, ganda la chungwa, ngozi ya kiatu kizuri, tumbaku ambayo haijawashwa, majani ya msitu baada ya mvua. Mwili mwepesi. Uchachu mkali, ule unaofanya mate yajae, na ndio unaoufanya udumu miongo kabatini. Kilevi ni kama 13%, chini ya wenzake.

Niseme wazi: watu wengi wakiuonja mara ya kwanza hawaupendi. Aliyezoea mvinyo mtamu wa Dodoma atauliza kama umeharibika. Hata aliyezoea mvinyo mkavu lakini mnene atauona umechakaa. Mimi mwenyewe glasi ya kwanza niliona kama chai iliyopoa. Glasi ya tatu, saa moja baadaye, nilikuwa nanusa tu, sinywi, nisiimalize.

Ukifika Haro, banda lao la mauzo lilibuniwa na msanifu majengo Zaha Hadid, likafunguliwa mwaka 2006, lina umbo la chombo cha kumiminia mvinyo, na ndani yake limelala banda la zamani la maonyesho la mwaka 1910. Usiishie hapo. Shuka chini, wanapohifadhi chupa za miaka ya nyuma, mahali wanapopaita makaburini. Ukungu umevaa kuta kama manyoya, utando wa buibui umening'inia na hauguswi, kwa sababu buibui wanakula wadudu wanaotoboa vizibo. Wenyeji hawaoni ajabu. Ni wafanyakazi wao wasiolipwa.

Ardanza: kwa asiyetaka kubahatisha

Hii ndiyo ninayoipeleka ninapokwenda kwa watu nisiowajua vizuri. Tempranillo 80%, Garnacha 20%, na hiyo Garnacha inatoka La Pedriza, shamba la mawe upande wa mashariki wa Rioja ambako jua ni kali zaidi. Jua hilo ndilo linalompa Ardanza unono wa katikati ambao Tondonia hana. Mapipa yake yana wastani wa miaka 4: si mtungi mpya, si mtungi wa bibi. Vanila ipo, nazi ipo kwa mbali, kuna harufu ya mnanaa na sanduku la mwerezi, na tunda jekundu bado liko hai.

Kwa miezi 36 Tempranillo inahamishwa pipa mara sita, kwa mikono. Mtu anachuchumaa mbele ya pipa, anauacha mvinyo utiririke, na mshumaa umewashwa nyuma ya glasi. Mwanga ukianza kutiwa ukungu, anafunga. Yaliyobaki ni mashapo.

Kuna miaka wanaandika Selección Especial kwenye lebo: 1964, 1973, 2001 na 2010. Ukiikuta ya 2010 kwa bei ya kawaida, nyamaza, lipa, toka.

Kasoro yake, kama ni kasoro, ni kwamba haishtui. Ni mgeni mwenye adabu: kila mtu atampenda, na asubuhi mtabishana alivaa shati la rangi gani.

Muga: kwa meza yenye nyama

Tempranillo 70%, Garnacha 20%, zilizobaki Mazuelo na Graciano. Nao wanachachusha kwenye matangi ya mwaloni na kusafisha kwa ute wa yai, kwa hiyo usidhani ni wa kisasa kwa kila kitu. Tofauti ni kwamba pipa ni miezi 24, mbao changa zaidi, kisha angalau mwaka mmoja wa chupa. Tunda linabaki mbele. Mdomoni unakumbuka zambarau zilizoiva, zile za kuokota chini ya mti zikaacha ulimi mweusi, pamoja na ule ukakasi wake wa pembeni. Halafu moshi, pilipili manga, kahawa.

Huu hauhitaji maelezo wala kimya. Unaweza kuufungua watu wanaongea mpira. Ukiwa umeupenda na unataka kumjua kaka yake, uliza Prado Enea, Gran Reserva yao: miezi 36 ya pipa, mingine 36 ya chupa.

Bei, chakula na joto

Bei zinabadilika, mpangilio haubadiliki sana. Muga ndiyo nafuu na ndiyo inayopatikana kwa urahisi nje ya Hispania. Ardanza inaizidi kidogo. Tondonia mara nyingi inakaribia mara mbili ya Muga, na kuipata ni bahati. Ukifikiria kwamba mwenye nyumba amekaa na mtaji wake gizani miaka 6 ya pipa na mingine ya chupa kabla ya kupata senti, bei hiyo si ya kulalamikia. Nyumba chache zinaweza kuumudu uchumi wa namna hiyo.

Haro wenyewe wanakula mbavu ndogo za kondoo zilizochomwa juu ya matawi makavu ya mzabibu, moto mkali wa dakika chache. Kwa hiyo mbuzi choma na Muga ni ndugu waliopotezana. Ondoa tu pilipili kichaa mezani: ukali wake unakutana na kilevi na ukakasi, unabaki kulia. Pilau ya nyama yenye iliki na mdalasini naipa Ardanza. Tondonia inataka chakula kinyonge: kuku wa kienyeji wa kuoka, uyoga, jibini ngumu. Au isipewe chakula kabisa.

Sasa joto. Kile kitabu kinachosema mvinyo mwekundu unywewe kwa joto la chumba kiliandikwa na mtu mwenye nyumba ya mawe na ukuta wa futi mbili. Chumba chake kina nyuzi 17. Sebule ya Tabata au Likoni saa kumi jioni ina 30. Niliwahi kuletewa Rioja nzuri kwenye mkahawa mmoja wa pwani ikiwa vuguvugu kama uji wa mgonjwa. Nilipoomba barafu ya ndoo mhudumu alinitazama kama mshamba. Usione haya. Weka chupa kwenye friji dakika 40, itoe, fungua. Tondonia isimamishe wima tangu jana yake mashapo yatulie, na umimine taratibu ukiangalia shingo ya chupa.

Kama Tondonia hakuna

Nyumba hiyo hiyo ina ndugu wawili wa kuangalia. Viña Bosconia Reserva hukaa pipa miaka 5, Tempranillo ni nyingi zaidi, chupa ina mabega ya kuteremka kama za Burgundy, na ni mnene kidogo kuliko Tondonia. Viña Cubillo ni Crianza, lakini ni Crianza iliyokaa pipa miaka 3, ambayo kwa jirani ni umri wa kuitwa Reserva na kupandishiwa bei. Hii ndiyo siri tamu kuliko zote ya mtaa wa stesheni, na ningependa isienee. Kwa anayetaka kujua kama ataipenda Tondonia bila kuumiza mfuko, aanze na Cubillo.

Shemeji alichukua mbili. Muga ilikwisha Jumapili ya kwanza, mbuzi hajaiva. Tondonia akampa baba mkwe, na mzee kaifurahia kiasi kwamba hataki ifunguliwe mpaka Krismasi. Kaiweka juu ya kabati la vyombo, isimame ionekane na wageni, dirisha la magharibi likitazamana nayo. Nimeshampigia mara mbili kumwomba ailaze chini ya kitanda. Ananiambia, "Mwanangu, kitu kizuri hakifichwi."